Mtazame Mbuzi Kwanza

Simba wangu wa kwanza alikuwa na magoti ya binadamu. Sikulijua hilo mpaka mpwa wangu, wakati huo ana miaka saba, alipomshika, akamgeuzageuza, kisha akauliza bila hila yoyote: "Mjomba, mbona huyu kama mtu aliyevaa ngozi ya simba?" Nilikuwa nimemhangaikia simba yule wiki mbili. Manyoya ya shingoni niliyachora moja moja kwa ncha ya sindano. Meno meupe, ulimi mwekundu, macho yanang'aa. Lakini miguu ya nyuma niliikunja pale ambapo mimi hujikunja ninapochuchumaa, na hakukuwa na rangi wala manyoya ya kuificha aibu ile.

Watu wakikaa mezani kwangu huuliza kwanza habari za rangi: natumia rangi gani, brashi namba ngapi, madoa ya chui nayapangaje. Ni maswali mazuri na nitayafikia. Ila sanamu ya mnyama huharibika mapema zaidi ya hapo. Huharibika kwenye waya, kabla udongo haujatoka kwenye pakiti. Ikinusurika hapo, huharibika ndani ya oveni. Makosa mengine karibu yote yana dawa.

Tuanze na udongo wenyewe, maana jina lake linadanganya. Udongo wa polima si udongo. Ni plastiki ya PVC, ndugu wa yale mabomba ya maji, iliyosagwa ikawa unga laini na kuchanganywa na kilainishi, rangi na vijazio. Kilainishi hicho ndicho kinachoufanya ukandike kama donge la chapati. Haukauki kwa hewa. Uache mezani mwezi mzima na bado utafinyangika. Hugeuka mgumu pale tu joto linapofika kiwango chake, chembe za plastiki zikakinywa kilainishi na kushikana moja kwa moja. Akina mama wa Kikisi wanaouza vyungu Matema, kando ya Ziwa Nyasa, wanashika kitu kingine kabisa. Udongo wao hupoteza maji na kusinyaa, na ukiuwekea waya ndani utapasuka, kwa kuwa waya haukubali kusinyaa nao. Huu wetu hausinyai kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana unaweza kuficha ndani yake kiunzi cha waya, karatasi ya aluminiamu, hata shanga za kioo, na ndiyo maana unafaa sana kwa wanyama, viumbe ambao wengi wao wana mwili mzito uliowekwa juu ya fito nne.

Asili yake ni wanasesere. Huko Ujerumani, Fifi Rehbinder, binti wa mtengeneza wanasesere mashuhuri Käthe Kruse, alitafuta kitu cha kutengenezea vichwa vya wanasesere, na kazi yake ndiyo iliyokuja kuuzwa kwa jina la FIMO kuanzia miaka ya 1960. Marekani wana Sculpey, Ubelgiji wana Cernit. Kwetu huku wengi tunaagiza, au tunamtuma ndugu anayesafiri, kwa hiyo kila gramu ina thamani. Pakiti ndogo ina gramu 57. Mbuzi wa urefu wa sentimita 10, ukimjaza karatasi ya aluminiamu tumboni, atakula pakiti mbili, labda na kipande cha ya tatu. Ukimfanya udongo mtupu atakula mara mbili ya hapo, na bado atapasuka. Ukiwa na uchaguzi, epuka aina zilizo laini mno zilizokusudiwa watoto: zinakandika kwa raha, lakini sikio jembamba au mkia vikishaokwa huvunjika kama biskuti. Na usinunue nyeupe kwa kazi ya kwanza. Nyeupe huokota kila uzi wa fulana yako na kila chembe ya vumbi, halafu macho hayaoni vizuri mabonde na vilima vyake. Kijivu au kahawia hafifu huonyesha umbo lilivyo, uzuri na makosa.

Sasa yule mbuzi. Usianze na simba. Simba umemwona kwenye televisheni, kwenye noti, kwenye nembo, na picha hizo zote zimekaa kichwani mwako kama mtu mzima anayejua kila kitu. Mbuzi yuko nyuma ya nyumba. Au paka, au kuku, au punda wa mchuuzi wa maji. Chagua mnyama unayeweza kumtazama saa nzima bila kulipa kiingilio. Mimi nilikwenda kwa mzee mmoja wa mtaani anayefuga mbuzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unamtaka yupi?"

"Sijaja kununua, mzee. Naomba niwatazame tu."

Alinikagua juu hadi chini, kisha akaniletea kigoda. Siku ya tatu aliacha kunishangaa.

Jifunze kutazama vitu vitatu, na uviandike. Kwanza, mstari wa mgongo: kwa mbuzi hauko sawa kama meza, una kilima mabegani, unabonyea kidogo, unapanda nyongani, kisha unateremka kuelekea mkiani. Pili, uzito uko wapi. Wanyama wa miguu minne wengi hubeba zaidi ya nusu ya uzito wao kwa miguu ya mbele, maana kichwa na shingo viko huko. Mbuzi akisimama kwa kupumzika, mguu mmoja wa nyuma hulegea na nyonga ya upande huo hushuka. Ukiinasa nyonga ile iliyoshuka, hata sanamu isiyo na macho itaonekana hai. Tatu, viungo vinakunjika wapi, na hapa ndipo simba wangu alipoangukia.

Kile kinachoonekana kama goti lililogeuzwa nyuma kwenye mguu wa nyuma wa mbuzi, mbwa, simba au punda ni kisigino. Goti halisi liko juu, karibu na tumbo, limefichwa na ngozi na nyama, nalo linakunjika kuelekea mbele kama lako. Mguu wa mbele vivyo hivyo: tunachokiita goti ni kifundo cha mkono, na kiwiko kiko juu kabisa, kimebanwa ubavuni. Mbwa na simba wanatembea kwa vidole. Mbuzi anatembea kwa kucha za vidole viwili, hizo ndizo kwato. Simama kwa ncha za vidole vya miguu yako, kunja magoti kidogo, inama uweke ncha za vidole vya mikono sakafuni. Majirani wakikuona watasema lao, lakini mwili wako utakuwa umekufundisha mguu wa mnyama kuliko picha kumi.

Picha nazo zinahitajika, kwa kazi ya usiku. Piga kwa simu, ila simama mbali kisha vuta karibu kwa kamera, na uchuchumae mpaka simu iwe usawa wa ubavu wa mnyama. Ukipiga kwa karibu, kichwa kitaonekana kikubwa na matako madogo, na makosa hayo utayahamishia kwenye waya bila kujua. Kisha chora mnyama kwa ubavu, kwenye karatasi, kwa ukubwa uleule utakaomfinyanga. Pima urefu wa kichwa toka pua hadi nyuma ya sikio, halafu uutumie kama rula: mwili ni vichwa vingapi, shingo kichwa kimoja au pungufu, kutoka tumbo hadi ardhini vingapi. Mchoro huo usiutupe. Utailaza sanamu juu yake mara ishirini kabla hujamaliza.

Kiunzi hakihitaji vitu vya anasa. Waya wa aluminiamu wa milimita 2 unatosha kwa mnyama wa ukubwa wa kiganja, na ukiukosa, sokota pamoja nyuzi mbili za ule waya wa kufungia nondo unaouzwa kwa kilo. Waya mmoja huenda toka puani hadi mkiani, kwa kufuata mgongo, si tumbo, kwa sababu uti wa mgongo uko juu. Wa pili unazunguka mabegani na kuwa miguu miwili ya mbele, wa tatu nyongani na kuwa miguu ya nyuma. Kila mguu uzidishe sentimita 2 kwenda chini. Ziada hiyo utaichomeka kwenye kipande cha mbao chenye matundu, ili mnyama asimame peke yake huku mikono yako yote miwili ikifanya kazi. Kunja viungo vyote juu ya mchoro kwa plaizi, mara moja tu kama inawezekana. Waya wa aluminiamu ukikunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja mara kadhaa hukatika.

Hapo simama. Weka kiunzi kitupu dirishani, rudi nyuma hatua tano. Kama huwezi kusema ni mnyama gani na anafanya nini, usifungue pakiti ya udongo. Wanafunzi wangu huichukia sheria hii. Nami pia huichukia, hasa saa nne usiku.

Kiunzi kikikubali, finyanga karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula kuzunguka kifua na tumbo, kisha iminye kwa nguvu, uigonge hata kwa nyundo ndogo, mpaka isibonyee kwa kidole. Mifuko ya hewa iliyobaki humo itatanuka kwenye joto na kupasua ngozi. Udongo hauushiki waya laini, unateleza, na hapo ndipo miguu huzunguka kama soksi iliyolegea. Zungushia waya mwembamba kwenye miguu, au paka gundi nyeupe ya mbao na uiache ikauke kabisa. Udongo utapata pa kushika.

Kanda udongo mpaka uache kupasuka kingo unapoukunja. Dar es Salaam mwezi wa Februari kazi hii ni ya dakika mbili, na shida yako itakuwa kinyume chake: udongo unalegea, unanata, kila unapogusa unaacha alama ya kidole. Osha mikono kwa maji baridi, fanya kazi alfajiri, au uulaze usiku kucha kati ya karatasi mbili nyeupe zisizo na wino, zinyonye kilainishi kilichozidi. Usiuache kamwe kwenye gari lililoanikwa juani. Utaukuta umeanza kuiva nusu, una vijiwe ndani, haufai tena.

Tandika tabaka la kwanza jembamba, milimita 3 hivi, juu ya kiunzi chote, uoke, upoze. Ndiyo, uoke mnyama asiye na sura. Hii ndiyo siri ndogo inayookoa muda mwingi: udongo wa polima unaweza kuokwa mara nyingi, na kila tabaka lililookwa linakuwa mfupa mgumu ambao kidole chako hakiwezi kuuharibu ukifanya kazi upande wa pili. Tabaka la pili ni misuli, vipande vilivyowekwa mahali pake kama nyama buchani: paja, bega, shingo, shavu. Tabaka la mwisho ni ngozi. Kati ya udongo uliookwa na mbichi, paka udongo wa majimaji wa aina hiyohiyo, vinginevyo vitaachana.

Macho yatangulie uso. Shanga nyeusi za kioo haziharibiki kwenye joto la oveni yetu. Za plastiki huyeyuka, kwa hiyo ijaribu moja peke yake kwanza kama huna hakika. Zichomeke, kisha jenga fuvu kuzizunguka, halafu tengeneza kope kwa vijiuzi vyembamba, cha juu kikifunika shanga zaidi ya cha chini. Jicho lililobandikwa juu ya uso uliokwisha kumalizika huonekana kama kifungo cha shati. Kama utayachora kwa rangi, kumbuka mboni. Paka ana mboni ya kusimama. Simba na chui, ingawa ni jamaa zake, wana mboni ya duara. Mbuzi ana mboni ya kulala, nayo ina ajabu yake: akiinama kula majani, jicho huzunguka ili mboni ibaki sambamba na ardhi. Kwa hiyo mbuzi wako akiwa anakula, usiizungushe mboni pamoja na kichwa. Ni kitu ambacho mtazamaji hatakitaja, ila atakihisi.

Manyoya yachorwe kama fundi anavyoezeka makuti. Fundi huanza chini na kupanda, ili safu ya juu ilalie ya chini. Nawe anza mkiani na kwenye kwato, uje mbele na juu hadi usoni, maana manyoya yanalala kuelekea nyuma. Tumia sindano butu au njiti ya meno, mistari mifupi, mingine mirefu, mingine ikikatishana kidogo. Mistari iliyonyooka yote sawasawa ni shamba la mahindi. Na usichore kila mahali: kwa mbuzi wa kawaida, pua, masikio na sehemu ya chini ya miguu ina manyoya mafupi yasiyoonekana kwa ukubwa wa sanamu. Alama za vidole ziondoe kwa brashi laini iliyoguswa spiriti kidogo sana.

Tumefika jikoni, na hapa naomba usiruke aya.

Pakiti itakuambia joto. FIMO huokwa kwa nyuzijoto 110 za Selsiasi, nyingi nyingine 130, nusu saa kwa kila milimita 6 za unene. Tatizo ni kwamba oveni yako haijui inachokisema. Yangu ya kwanza, ile ya mezani, ilikuwa na kitasa kilichoandikwa namba vizuri kabisa. Nilimwoka humo yangeyange mweupe, kazi ya siku nne, na alitoka rangi ya andazi. Kipimajoto nilichonunua baadaye, cha kuning'iniza ndani, kilionyesha 165 pale kitasa kiliposema 130. Kipimajoto hicho ndicho kifaa cha kwanza unachopaswa kununua, kabla ya kisu, kabla ya brashi. Washa oveni dakika 20 kabla, kwa sababu nyingi hupandisha joto kupita kiasi zinapoanza. Weka sanamu juu ya kigae cha sakafuni, katikati, mbali na vyuma vinavyowaka, na uifunike kwa paa la karatasi ya aluminiamu lisiloigusa. Masikio na pembe zilizo nyembamba ndizo huungua kwanza.

Wanaoanza huogopa kuunguza, basi huoka muda mfupi. Kosa hilo ni baya zaidi, kwa kuwa halionekani. Sanamu isiyoiva inatoka inapendeza, ngumu, na wiki ya tatu mguu unavunjika katikati kama chaki. Muda mrefu kwenye joto sahihi haudhuru chochote. Joto kubwa ndilo linalounguza. Oka saa nzima bila hofu. Kila unapooka, weka kando kipande bapa cha milimita 2 cha udongo uleule. Kikipoa, kikunje. Kikijikunja bila kuvunjika, mnyama wako ameiva. Kikikatika, rudisha vyote viwili. Umeme ukikatika katikati ya kazi, usihuzunike: ukirudi, anza upya tangu mwanzo, hakuna kilichoharibika. Acha sanamu ipoe ndani ya oveni, mlango umefunguliwa kidogo. Kuitoa ghafla kwenye upepo ni kuiomba ipasuke.

Onyo moja si la mzaha. PVC ikipita sana joto lake huanza kuoza na kutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayochoma macho na koo. Ukiona moshi au ukisikia harufu kali, zima, fungua madirisha, toka nje na watoto. Fanya kazi kwenye hewa inayopita. Ukiweza kupata oveni ndogo ya kazi hii peke yake, vizuri. Usipoweza, tumia oveni ya chakula, lakini okea humo ndani ya sufuria yenye mfuniko, na sufuria hiyo isirudi tena kwenye chakula, pamoja na kisukumio cha chapati ulichokiazima. Jiko la mkaa halifai, moto wake hautawaliki. Kuchemsha kwenye maji nako hakutoshi: maji hayapiti 100, na Nairobi, kwa ajili ya mwinuko wake, yanachemka kwenye 94 hivi.

Sasa rangi, mliyokuwa mkiisubiri. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora wanyama pale Oysterbay mwaka 1968, alitumia rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao, na wachoraji waliomfuata hadi leo wanapenda mng'ao wake. Kwa hiyo mtu wa Dar huona ni jambo la kawaida kuchukua kopo la rangi hiyo na kumpaka tembo wake wa polima. Asifanye hivyo. Viyeyushi vya rangi za aina hiyo hupambana na kilainishi kilichomo kwenye udongo, na rangi inaweza kunata miezi na miezi. Rangi ya kucha ni hivyohivyo, na vanishi nyingi za kupuliza pia. Niliwahi kumpaka mbuzi rangi ya kucha isiyo na rangi ili ang'ae, nikamfunga kwenye gazeti. Miezi miwili baadaye alikuwa na matokeo ya ligi mgongoni.

Tumia akriliki, rangi zinazochanganywa kwa maji. Futa sanamu kwanza kwa spiriti ili mafuta ya vidole yatoke. Kisha fuata mpangilio huu, nao karibu unatosha kwa mnyama yeyote: rangi ya msingi kwa tabaka mbili nyembamba, zikikauka, rangi ya kahawia iliyokolea iliyochanganywa na maji mengi, ipake yote, iingie kwenye kila mfereji wa manyoya, halafu ifute juu kwa kitambaa kabla haijakauka. Ghafla mistari yote uliyoihangaikia itajitokeza. Mwisho chukua brashi kavu, iguse rangi nyepesi kuliko ya msingi, ifute kwenye karatasi mpaka ionekane haina kitu, uipitishe juujuu ya manyoya. Vilima vitapata jua. Brashi kavu ndiyo inayopendwa kupita kiasi. Acha mapema kuliko unavyotaka.

Njia nyingine naipenda zaidi kwa wanyama wenye rangi zinazoyeyukiana, kama swala: kwangua pastel za chaki kwa kisu upate unga, uupake kwa brashi laini kwenye udongo ambao bado haujaokwa. Unga unashika kwenye unyevu wa udongo na kuoka nao. Tumbo jeupe linaingia kwenye ubavu wa kahawia bila mpaka wowote. Kwa akriliki ungelihangaikia jioni nzima.

Rangi za mnyama mwenyewe zichunguze kama ulivyochunguza mifupa. Simba si wa njano. Ni nyasi kavu, tumbo hafifu, nyuma ya masikio weusi, na fundo jeusi mkiani. Duma na chui tunawachanganya hata kwa maneno, lakini duma ana vidoa vilivyojaa na mstari mweusi unaotiririka toka jichoni hadi mdomoni, ilhali chui ana vikundi vya madoa vilivyopangwa kama maua, navyo hugeuka vidoa vya kawaida kichwani na miguuni. Milia ya pundamilia haikomi shingoni, inaendelea mpaka kwenye manyoya yaliyosimama. Twiga wa Kimasai ana mabaka yenye kingo zilizochanika kama majani. Yule wa kaskazini mwa Kenya ana mabaka yaliyonyooka kingo, kama ukuta wa mawe uliopigwa chokaa kwenye viungo. Na tembo wa Tsavo ni mwekundu kwa ajili ya udongo anaojimwagia, si ngozi. Kwa hiyo mpake kwanza kijivu, kisha mpitishie wekundu ule kwa brashi kavu mgongoni na kichwani, ukiacha mikunjo ya kwapani kijivu. Ukimpaka mwekundu moja kwa moja atakuwa kigae.

Vanishi iwe ya maji, isiyong'aa, tabaka moja. Inayong'aa weka tone kwenye macho, puani na mdomoni tu, mahali penye unyevu kwa mnyama hai.

Kwa wanaotaka kuuza, neno fupi. Kinachovunjika njiani ni masikio, pembe na mkia, basi vipitishie waya ndani tangu mwanzo, au uvilaze vigusane na mwili: mkia kwenye paja, pembe zikilala nyuma shingoni. Mteja mwenye mtoto mdogo mweleze kuwa hii si ya kuchezea. Udongo uliobaki ufunge kwa nailoni ya kufunikia chakula. Usiuweke kwenye makopo ya plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, maana kilainishi kitaila na utakuta kopo limeshikana na udongo. Wala usiuache mbichi juu ya meza iliyopakwa vanishi, meza ya mtu hasa.

Mbuzi wangu wa kwanza aliyefaa nilimpelekea yule mzee. Hakutazama uso wala manyoya. Alimpindua miguu juu, kama anavyofanya kila siku kwa mbuzi wake wanapochechemea, akamkagua chini. "Umemfanya vizuri," akasema. "Ila kwato za nyuma umezifanya kubwa kuliko za mbele. Mbuzi wa hivyo sijapata kumfuga." Ni kweli, uzito uko mbele, na kwato za mbele ndizo huwa pana. Udongo wa polima uliokwisha kuokwa hukubali kisu, basi jioni ileile nilizichonga za nyuma, nikaongeza ukingo mwembamba kwenye za mbele, na nikamrudisha oveni nusu saa.